Rezista Iliyoungua Isiunganishwe kwa Waya

Televisheni, redio au chaja ikizimika baada ya umeme kupotea na kurudi, huenda kilichoharibika ni kipande kimoja kidogo: rezista. Kazi yake ni kupunguza mkondo wa umeme ili vipande vingine visiungue. Kwa wakazi wa Likoni, Kisauni na Changamwe, unyevu na chumvi ya hewa ya bahari pia hula miguu ya vipande na maungio ya lihamu.

Jinsi ya kuitambua

Rezista ya kawaida ina mistari ya rangi. Husomwa kuanzia upande ulio mbali na mstari wa dhahabu au fedha. Nyeusi ni 0, kahawia 1, nyekundu 2, rangi ya chungwa 3, manjano 4, kijani 5, buluu 6, zambarau 7, kijivu 8 na nyeupe 9. Kwenye rezista ya mistari minne, miwili ya kwanza ni tarakimu, wa tatu ni idadi ya sufuri. Manjano, zambarau na nyekundu ni 4, 7 na sufuri mbili, yaani omu 4,700. Mstari wa dhahabu huonyesha kuwa kipimo kinaweza kupungua au kuzidi kwa asilimia 5.

Kupima na kubadilisha

Kwanza chomoa plagi. Umeme wa nyumbani ni volti 240, na kapasita kubwa huhifadhi umeme hata baada ya kuchomoa. Fundi hupima kapasita hizo kwa mita kabla ya kugusa bodi. Kisha hufungua mguu mmoja wa rezista na kuipima. Ikiwa mita haisomi kitu, au inasoma zaidi ya kiwango chake, rezista imekufa.

Mpya iwe na omu zilezile, na wati zisizopungua za ile ya zamani. Ikiwa rangi zimeungua hazisomeki, kipimo kitafutwe kwenye mchoro wa mashine au mashine nyingine ya aina hiyo. Kisibahatishwe.

Hatari ya njia ya mkato

Baadhi ya rezista zilizo kwenye njia ya kuingilia umeme hutengenezwa zikatike kama fyuzi. Hizo hubadilishwa kwa aina ileile tu. Ukiweka waya mahali pake, mashine inaweza kuwaka, lakini hitilafu ijayo haitakuwa na cha kuizuia, na moto unaweza kuanza usiku watu wamelala.

Rezista pia haiungui bila sababu. Kabla ya kulipa, mkazi amuulize fundi maswali mawili: ni nini kilichoiunguza, na ameweka nini mahali pake? Aombe pia aonyeshwe kipande cha zamani. Televisheni za kioo kinene na maikrowevu zisifunguliwe nyumbani. Zipelekwe kwa fundi aliyesomea kazi hiyo.