Mbwa wa Mpangaji Asigeuzwe Mbwa Koko

Yapo mambo ambayo viongozi wa vijiji huyaona madogo mpaka siku yanapozaa makubwa. Mojawapo ni ugomvi wa mwenye nyumba na mpangaji wake juu ya mnyama afugwaye nyumbani, na hasa mbwa. Anayeusikia kwa mbali hucheka. Anayetolewa vyombo vyake nje jioni, watoto wakitazama na mbwa akizunguka godoro lililokunjwa, hacheki.

Katika Kinjumbi na vijiji vingine vya Wilaya ya Kilwa, wapangaji ni watu ambao kijiji kinawahitaji. Ni mwalimu aliyehamishwa kutoka mkoa wa mbali, ni muuguzi wa zahanati, ni ofisa ugani, ni mfanyabiashara aliyefuata msimu wa ufuta au korosho. Mtu wa namna hiyo hana kiwanja wala ukoo mahali alipofikia. Hupewa chumba kwa maneno ya mdomo, akalipa kodi ya mwezi au ya miezi kadhaa, na hakuna anayeandika lolote. Swali la mnyama haliulizwi siku hiyo. Huulizwa siku ambayo mbwa ameingia uani akalamba sufuria, au paka wa mpangaji amekula vifaranga vya mama mwenye nyumba. Siku hiyo hakuna tena mashauriano, kuna amri tu: “Kesho nisimwone, wala wewe nisikuone.”

Tupime kwanza haki ya mwenye nyumba, kwa sababu anayo. Nyumba zetu nyingi hazina kuta zinazotenga familia moja na nyingine. Ua ni mmoja, mtungi wa maji ni mmoja, na jamvi la kusalia hutandikwa pale pale watoto wanapocheza. Katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani yetu, mate ya mbwa ni najisi nzito, na chombo alichokilamba huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Mtu anayetaka uwanja wake uwe tohara hatumwiti mkorofi. Wala mbwa anayebweka usiku kucha, au anayekimbiza mbuzi wa jirani, hawezi kutetewa kwa hoja kwamba bwana wake anampenda.

Lakini elimu ile ile ya chuoni inayotufundisha hukumu ya mate ya mbwa inatufundisha pia kwamba mbwa wa kuwinda, wa kuchunga mifugo na wa kulinda shamba ameruhusiwa. Sura ya Al-Kahf inamtaja mbwa aliyekuwa pamoja na vijana wa pangoni. Na nani katika sisi hakusimuliwa utotoni Hadithi ya mtu aliyeteremka kisimani, akajaza maji kiatu chake, akamnywesha mbwa aliyekuwa akilamba udongo kwa kiu, naye akasamehewa dhambi zake? Anayeitumia dini kumpiga mawe mnyama aliyefungwa kamba amesoma nusu ya somo.

Tena huku kwetu mbwa ana kazi. Mkulima wa Kilwa anajua taabu ya nguruwe mwitu, ngedere na nyani. Shamba la mahindi lililolimwa kwa miezi huweza kumalizwa usiku mmoja, na kwa hiyo watu hulazimika kulala dunguni. Kulala huko kuna hatari kubwa kuliko hasara ya mahindi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 katika jarida la Nature ulieleza kwamba tangu mwaka 1990 simba walikuwa wameua watu zaidi ya 563 na kujeruhi zaidi ya 308 katika Tanzania, na Mkoa wa Lindi ulikuwa miongoni mwa sehemu zilizoathirika sana. Watafiti hao walionyesha uhusiano wa vifo hivyo na nguruwe mwitu: nguruwe hufuata mazao, simba humfuata nguruwe, na mkulima aliyelala shambani huwa katikati yao. Mahali penye historia hiyo, mbwa anayebweka kabla mnyama hajafika dunguni hawezi kuitwa anasa. Mpangaji aliyekodi chumba kijijini na shamba bondeni ana sababu ya kumfuga.

Sasa tuitazame sheria. Ilikuwako Sheria ya Kudhibiti Kodi ya mwaka 1984, ambayo ilimzuia mwenye nyumba kumwondoa mpangaji apendavyo, mpaka athibitishe sababu zilizotajwa. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 2005. Wapo waliodhani kwamba kufutwa kwake kulimwacha mpangaji mikono mitupu. Sivyo. Msingi uliomo katika Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 ni kwamba mtu anayepanga kwa kulipa kila mwezi, bila ya muda mwingine kuwekwa, haondolewi ila kwa notisi isiyopungua kipindi kile anacholipia. Alipaye kwa mwezi apewe angalau mwezi. Kwa maoni yetu, msingi huo unafaa kufuatwa katika kila chumba cha kupanga, kiwe cha saruji mjini au cha udongo na makuti Kinjumbi. Mbwa haupunguzi mwezi huo kuwa usiku mmoja.

Mnyama naye hakuachwa nje ya sheria. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inamtaka mfugaji amkinge mnyama wake na njaa, kiu, maumivu na hofu. Hapo ndipo wajibu unapomrudia mpangaji. Tumezoea kuwasikia wapangaji wakieleza jinsi walivyoonewa. Ni mara chache husikia wakieleza mbwa alibaki na nani. Mara nyingi hakubaki na mtu. Bwana wake alipanda gari la kwenda Nangurukuru na godoro lake, na mnyama akaachwa barabarani akilinda mlango ambao si wake tena.

Hilo ndilo jambo ambalo wote wawili, mwenye nyumba na mpangaji, hawalifikirii wakati wa hasira. Mwenye nyumba anadhani ameondoa mbwa mmoja kijijini. Ukweli ni kwamba amembadilisha mbwa mwenye bwana kuwa mbwa koko. Jana alikuwa na mtu wa kumlisha, wa kumfunga na wa kuulizwa akiuma. Leo hana. Atakula majalalani, atazaa vichakani, atapigana na mbweha na mbwa wenziwe, na siku ya chanjo hakuna atakayemshika kamba na kumpeleka.

Chanjo tunayoitaja hapa inahusu kichaa cha mbwa. Ugonjwa huo hupita kwa mate ya mnyama mgonjwa anapouma au kuparura. Dalili zikishamtokea binadamu, takriban kila mgonjwa hufa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu wapatao 59,000 hufa kwa ugonjwa huo kila mwaka ulimwenguni, wengi wao katika Asia na Afrika, na kwamba hadi asilimia 99 ya maambukizo kwa binadamu hutokana na mbwa. Shirika hilo hilo linasema kwamba wakichanjwa asilimia 70 ya mbwa, ugonjwa hukosa njia ya kuenea. Kuanzia mwaka 2010 mikoa ya kusini-mashariki ya nchi yetu, Lindi ikiwemo, iliingizwa katika mpango mkubwa wa kuwachanja mbwa. Kisiwani Pemba, ambako watu karibu wote ni Waislamu wa madhehebu yale yale ya pwani, ugonjwa ulikomeshwa, ukaingia tena mwaka 2016, na ukakomeshwa tena mwaka 2018 kwa kazi hiyo hiyo ya kuchanja. Wapemba hawakuhitaji kuyaacha masharti ya tohara ili wafanikiwe. Walihitaji mbwa wanaojulikana ni wa nani.

Basi, ili mtoto wa Kinjumbi aende shule bila kuumwa na mbwa asiyejulikana alikotoka, lipo la kufanywa na kila mmoja wetu.

Kwanza, mapatano yaandikwe. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na kila aliyesoma Suratul Baqara anajua jinsi aya yake ndefu kuliko zote inavyosisitiza kuandikiana katika madeni. Karatasi moja ya daftari la shule inatosha: kodi ni kiasi gani, notisi ni ya muda gani, na mnyama anaruhusiwa au haruhusiwi. Kama anaruhusiwa, atalala wapi, atafungwa saa ngapi, na nani atalipa akila kuku. Kama haruhusiwi, mpangaji ajue hivyo kabla hajatua mzigo, atafute kwingine.

Pili, mpangaji mwenye mbwa ahakikishe amechanjwa, na ampeleke kwa ofisa mifugo wakati chanjo inaporudiwa. Mbwa asiwe na ruhusa ya kuingia uwani kwa wenye nyumba. Banda dogo nyuma ya nyumba, mbali na mtungi na jamvi, huondoa nusu ya ugomvi.

Tatu, ugomvi ukizuka, asiwepo wa kuhukumu kwa kufuli na panga. Mwenyekiti wa kitongoji aitwe mapema. Baraza la kata lipo ili kusuluhisha, na tangu mwaka 2021 kazi yake katika migogoro ya ardhi na nyumba ni hiyo ya usuluhishi. Suluhu ikishindikana, lipo Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Viongozi wasiseme, “Hayo ni mambo ya mbwa.” Hayo ni mambo ya mtu na makazi yake.

Nne, anayehama aondoke na mnyama wake, au amkabidhi kwa mtu aliyekubali mbele ya mashahidi, mkulima mwenye shamba la kulindwa kwa mfano. Notisi ya mwezi mmoja inatosha kumpata mtu huyo. Usiku mmoja hautoshi, na ndiyo sababu mwenye nyumba anayetoa notisi anakilinda pia kijiji chake.

Na ikiwa mbwa amekwisha kumuuma mtu, jeraha lioshwe mara moja kwa maji mengi na sabuni kwa muda wa robo saa, kisha mgonjwa akimbizwe kituo cha afya kupata chanjo. Asingojee dalili. Dalili zikija, muda wa dawa umekwisha kupita.

Nyumba ni ya mwenyewe, na hakuna anayemnyang’anya. Lakini mlango anaoufunga kwa hasira hufungua njia ambayo watoto wake wenyewe hupita kesho asubuhi. Hatuna budi kuitazama njia hiyo kabla ya kuwatoa watu vyombo nje.