Kusoma Kuhusu Dini za Mashariki kwa Njia ya Mtandao: Mzigo wa Istilahi kwa Mwanafunzi wa Kabras

Utangulizi

Kabras ni eneo lililo kaskazini mwa mji wa Kakamega, kandokando ya barabara kuu iendayo Webuye, na kitovu chake ni mji mdogo wa Malava. Jina hilo likitajwa, aghalabu watu hufikiria miwa, kiwanda cha sukari na timu ya raga. Ni nadra mtu kulihusisha na Budha, Konfusio au Guru Nanak. Hata hivyo, nyaya za chini ya bahari za SEACOM na TEAMS zilipofika Mombasa mwaka 2009, na majukwaa ya Coursera na edX yalipoanzishwa mwaka 2012, mlango ulifunguka. Mwanafunzi aliyeketi Malava aliweza kujiandikisha katika kozi ya chuo kikuu cha ng'ambo pasipo kupanda hata matatu. Kupitia edX, Chuo Kikuu cha Harvard kimewahi kutoa kozi za Ubudha na Uhindu zinazosomwa kwa kuyapitia maandiko ya dini hizo zenyewe; Chuo Kikuu cha Princeton nacho kilitoa kupitia Coursera kozi kuhusu Ubudha na saikolojia ya kisasa.

Makala haya yanaeleza namna ya kuanza kozi ya aina hiyo. Yanashikilia kwamba kikwazo kikuu cha mwanafunzi wa Kabras, hasa yule wa Kiswahili, si mtandao wala karo bali ni istilahi. Msamiati wa dini alio nao umefinyangwa na Uislamu na Ukristo kwa karne nyingi, na asipouchunguza atamaliza kozi nzima akidhani amewasoma Wabudha, kumbe amewasoma Wakristo waliovaa kanzu za rangi ya manjano.

Mambo ya kutangulia

Masuala ya kiutendaji hayahitaji maelezo marefu. Baadhi ya kozi za majukwaa haya huruhusu mtu kusikiliza mihadhara bila malipo, kisha humtoza anayetaka cheti. Busara ni kusikiliza wiki ya kwanza bila kulipa, kuusoma muhtasari wa kozi, kisha kuamua. Maandiko ya kusomwa yapakuliwe mapema na kuhifadhiwa kwenye simu au tarakilishi, kwani umeme wa Malava hauna mkataba na mtu yeyote.

Jambo moja dogo limewagharimu wengi alama, nalo ni saa. Tarehe ya mwisho ya kuwasilisha zoezi mara nyingi huandikwa kwa saa za Greenwich au za New York. Zoezi linalofungwa dakika moja kabla ya usiku wa manane kwa saa za Greenwich, kwa mwanafunzi wa Kabras hufungwa saa nane na dakika 59 usiku wa kuamkia siku inayofuata. Likifungwa kwa saa za New York, mwisho wake ni saa moja na dakika 59 asubuhi wakati wa baridi huko Marekani, na saa kumi na mbili na dakika 59 asubuhi wakati wa kiangazi chao. Mswahili ahesabuye saa kuanzia macheo hana budi kufanya hesabu hiyo mara mbili.

Kusoma dini na kusoma kuhusu dini

Kabla ya somo la kwanza huja swali la nyumbani. Kabras ni nchi ya makanisa. Wamisionari Marafiki kutoka Marekani walifika Kaimosi mwaka 1902, na mkondo wao ukaenea kaskazini hadi Malava; Wakatoliki, Wapentekoste na wengineo nao wamejaa. Mzazi akisikia kwamba mwanawe "anasoma dini ya Kihindi kwenye simu", atauliza amekosa nini kanisani. Swali hilo si la ujinga. Katika Kiswahili, kusoma dini ni kufundishwa ili kuamini na kutenda. Ndivyo asemavyo mzazi wa Lamu anayempeleka mtoto chuoni, na ndivyo asemavyo katekista wa Kabras. Kuongeza neno moja, kusoma kuhusu dini, hubadili kazi yote. Anayesoma kuhusu dini huulizwa waumini wanasema nini, wanatenda nini, na kwa nini jambo hilo lina maana kwao. Haulizwi kama yeye mwenyewe ameamini. Mwanafunzi aliyeweza kumweleza mama yake tofauti hiyo jioni moja jikoni, kwa Kikabras au kwa Kiswahili, amekwisha kufaulu nusu ya somo la mbinu za utafiti.

Tena, jambo hili si geni kabisa katika elimu ya Kenya. Baraza la Mitihani hutahini masomo matatu ya dini katika shule za upili: ya Kikristo, ya Kiislamu na ya Kihindu. Hilo la tatu hujumuisha Uhindu, Ubudha, Ujaini na Usikhi. Shule zinazolifundisha ni chache mno, na mwanafunzi aliyesomea Kabras anaweza kuhitimu kidato cha nne asijue kwamba lipo.

Anachokijua tayari bila kujua

Si kweli kwamba mwanafunzi huyu huanza akiwa mikono mitupu. Kiswahili kimekuwa jirani ya dini za Mashariki kwa muda mrefu, ila kimezitazama kutoka upande wa dukani. Baniani ni neno lililotufikia kupitia biashara ya Bahari ya Hindi, na asili yake Kigujarati ni mfanyabiashara. Methali inayomtaja, Baniani mbaya kiatu chake dawa, inajali kiatu kuliko imani ya mwenyewe. Kalasinga, inavyosimuliwa, limetokana na jina la mtu mmoja, Kala Singh, kisha likawafunika Masikhi wote. Mamajusi wa Injili ya Mathayo, ambao kila mtoto wa Kabras amewaigiza wakati wa Krismasi, jina lao kwa Kiarabu ndilo la wafuasi wa Zaratustra wa Uajemi, dini ya Waparsi waliowahi kuishi Unguja. Yaani lugha imeweka majina ya watu pasipo kuweka mafundisho yao. Mwanafunzi akianza kozi yake kwa kuyachunguza majina haya, atauona mpaka wa ujuzi wake waziwazi.

Hapa kuna mtego mmoja wa kuchekesha unaoihusu Kabras yenyewe. Eneo hili lina mitambo ya sukari guru, au sukari nguru kama wasemavyo wengi. Guru hiyo ni neno la Kihindi la sukari iliyochemshwa isisafishwe. Guru wa Masikhi, kama vile Guru Nanak aliyezaliwa mwaka 1469, ni mwalimu, na hilo ni neno jingine kabisa. Sauti zimefanana katika kinywa cha Mswahili tu.

Kuna hazina nyingine iliyo karibu zaidi. Katika miaka ya 1940 Elijah Masinde alieneza Dini ya Msambwa katika Uluhya, na serikali ya kikoloni ikaipiga marufuku mwaka 1948; ikapigwa marufuku tena katika Kenya huru mwaka 1968. (Asichanganywe na Masinde Muliro, mwanasiasa ambaye chuo kikuu cha Kakamega kinabeba jina lake.) Jina la harakati hiyo linastahili kutazamwa na mwanaisimu. Dini ni neno la Kiarabu lililokuja na kitabu na mtume; msambwa ni neno la nyumbani linalohusu mizimu ya wahenga. Waliounganisha maneno hayo mawili walikuwa wameshalinyosha neno dini lizidi upana wa awali. Mwanafunzi atakapokutana na swali linaloijia kila kozi ya aina hii, kwamba je, mafundisho ya Konfusio ni dini au ni maadili ya jamii, anao mfano wa kwao wa kuanzia. Tambiko la Kichina kwa wahenga halitamshangaza mtu ambaye babu yake alijua msambwa ni nini. Atakalopaswa kujihadhari nalo ni kudhani kwamba mambo mawili yakifanana yamekuwa kitu kimoja.

Maneno yanayoteleza

Ugumu wenyewe huanza mhadhiri anapozungumza Kiingereza, maandiko yakitoka Kisanskriti, Kipali au Kichina, na mwanafunzi akiandika muhtasari wake kwa Kiswahili. Maneno yanayoonekana rahisi ndiyo hatari kuliko yote.

Tuchukue kuzaliwa upya. Kabras nzima inajua maana yake: mtu ameokoka. Ni jambo la kutamaniwa na kutolewa ushuhuda. Kwa Wahindu na Wabudha, kuzaliwa tena na tena ni mzunguko uitwao samsara, na lengo la juu ni kutoka ndani yake. Mwanafunzi akiandika kwamba Budha alifundisha njia ya kuepuka kuzaliwa upya, msomaji wake wa Malava ataelewa kwamba Budha alifundisha watu wasiokoke. Sentensi hiyo haina kosa la sarufi hata moja, lakini imepotoka kabisa.

Utupu ni mfano mwingine. Dhana ya Kisanskriti ya shunyata husema kwamba hakuna kitu kilicho na kiini cha kujitegemea. Kila kitu kimetokana na vingine. Kamusi itampa mwanafunzi neno utupu, na utupu katika Biblia na katika mazungumzo ya heshima ni uchi wa mtu. Heri asiandike neno hilo mbele ya wakwe.

Dukkha hufasiriwa mateso, neno linaloita mara moja picha ya msalaba au ya polisi. Ubudha unakusudia jambo pana zaidi: hata furaha ya mkulima siku anayolipwa fedha za miwa imo ndani ya dukkha, kwa sababu nayo haidumu. Karma watu huiita majaliwa au kudura. Shina la neno hilo ni kutenda. Karma ni tendo na matunda yake, wala si amri iliyoandikwa mbinguni kabla mtu hajazaliwa. Majaliwa yanamhitaji Mwenye kujalia, ilhali Ubudha unaeleza karma bila kumtaja Muumba.

Mungu mwenyewe huleta tatizo la ngeli. Katika umoja neno hili huchukua upatanisho wa A-WA. Katika wingi hubeba kiambishi mi-, kama miti na mito, na watu husema miungu mingine, si miungu wengine. Kabla mwanafunzi hajatoa hoja yoyote kuhusu Vishnu na Shiva, sarufi imekwisha kuwaweka miongoni mwa vitu. Mhindu anayesema kwamba hao ni nyuso za uhalisi mmoja, Brahman, hatasikika vyema kupitia kiambishi hicho.

Isidhaniwe kwamba Kiswahili ni kikwazo tu. Yoga, ambayo wengi huiona kuwa mazoezi ya viungo ya watu wa mijini, imetoka katika shina lenye maana ya kufunga nira. Mtoto aliyekulia nyuma ya jembe la ng'ombe huko Kabras anajua nira ni nini: nguvu mbili zinazotaka kwenda huku na huko zimeunganishwa ziende mstari mmoja. Mwanafunzi wa mjini hana picha hiyo. Dao la Kichina nalo ni njia, na Kiswahili kina njia kwa maana ya barabara na ya utaratibu pia. Biblia ya Kichina iliyoenea hutumia neno hilo hilo Dao pale ambapo Injili ya Yohana ya Kiswahili huanza na Neno.

Daftari la istilahi

Wachina waliupitia mzigo huu kabla yetu. Ubudha ulipoingia kwao kutoka India, wafasiri wa mwanzo waliazima maneno ya Utao kueleza dhana za Kibudha, na wasomaji wakadhani wanasoma Utao mpya. Mwanzoni mwa karne ya 5 Kumarajiva alisimamia tafsiri zilizo makini zaidi. Karne ya 7 mtawa Xuanzang alirejea kutoka India, mwaka 645, na shehena ya maandiko. Anasifiwa kwa kuweka kanuni ya aina tano za maneno yasiyofaa kufasiriwa bali kutoholewa kwa sauti. Miongoni mwake ni maneno yenye maana nyingi kwa pamoja, ya vitu visivyokuwepo China, na yale ambayo tafsiri ingeyapunguzia heshima. Kutohoa nako kuna safari zake: dhyana ya Kisanskriti ilikuwa chan kwa Wachina, na chan ikawa zen kwa Wajapani, jinsi school ilivyokuwa skuli katika kinywa cha Mswahili.

Kanuni hiyo inamfaa mwanafunzi wa Kabras tangu wiki ya kwanza. Afungue daftari lenye safu nne: neno la asili, tafsiri inayomjia haraka, tafsiri hiyo inaficha nini, na sentensi moja inayolitumia neno kwa usahihi. Karma, dharma, samsara na nirvana yaachwe yalivyo, yapewe viambishi vya Kiswahili inapobidi. Yale yanayopata mwenzi halisi, kama nira kwa yoga, yafafanuliwe kwa neno la nyumbani. Kazi hii huchukua muda kuliko kutazama mihadhara, na ndiyo itakayobaki cheti kikiwa kimesahaulika.

Faida yake haiishii katika kozi. Msomaji wa Nagona (1990) na Mzingile (1991), riwaya za Euphrase Kezilahabi zinazohoji ukweli, kifo na mwanzo mpya, anahitaji zaidi ya dini mbili kichwani ili azihakiki kwa haki. Na siku atakapotaka kuiandika tahakiki hiyo kwa Kiswahili, atalihitaji daftari lake. Nirvana, kwa mfano, maana yake ya asili ni kuzimika, kama mwali wa taa. Kiswahili kina kuzima na kuzimika, lakini pembeni yake kuna kuzimu, makao ya wafu, na sikio la msomaji litakimbilia huko. Mwanafunzi mmoja ataandika nirvana na kuiacha. Mwingine atasema utulivu na kupoteza moto uliozimwa. Wa tatu atathubutu kuandika mzimiko, kisha atahitaji aya nzima ya kujitetea mbele ya mhadhiri wake.