Shilingi zinazobaki kwenye kitenge

Wamama, kila mara tunapotoka Uganda tunarudi Mbau na shilingi kidogo zimefungwa kwenye kona ya kitenge. Tunasema tutazibadilisha Beni. Noti, ndiyo, kambisti atazipokea, kwa bei anayotaka yeye. Vyuma, hapana. Kwetu franga zote ni karatasi, nani atapokea chuma cha 500? Mwishowe watoto wanavichezea.

Tuhesabu kidogo. Vyuma viwili vya 500 na kimoja cha 1000 ni shilingi 2000. Safari tano ni 10000, noti nzima imelala nyumbani.

Basi vyuma tuvimalize Mpondwe, mbele ya kuvuka daraja: chumvi, sabuni, mkate wa watoto. Noti tuzibadilishe Kasindi, kwani kule shilingi inatembea kila siku. Tuulize bei kwa makambisti wawili ao watatu, tuhesabu palepale, bila haraka, hata kama dereva anapiga honi. Wakitupa dola, tuiangalie kwenye mwanga: iliyopasuka hata kidogo, sokoni kwetu wanaikataa.

Na kama jirani anaenda Bwera wiki ijayo, tumuuzie yeye, vyuma pamoja na noti.