Nyumba mpya Karatu: Usiihukumu kwa mkaa wa Julai ya kwanza

Na Mwandishi Wetu

MKULIMA wa vitunguu wa Mang'ola anapopata fedha na kujenga nyumba Karatu mjini, mara nyingi kinachomshtua si bei ya saruji. Ni mkaa unaoteketea ikishafika Juni.

Sababu ya kwanza ni mwinuko. Mang'ola ipo kiasi cha mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, Karatu mjini karibu mita 1,500, na ukingo wa kreta ya Ngorongoro unafika mita 2,300. Kwa kawaida kila unapopanda mita 1,000 hewa hupoa kwa nyuzi 6 hivi. Hivyo usiku wa Julai aliyezoea joto la Ziwa Eyasi hujikuta anatetemeka ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Lakini ipo sababu ya pili ambayo wengi hawaijui. Nyumba mpya ni nyumba mbichi.

Maji yaliyofichwa ukutani

Mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50 huchanganywa na maji yasiyopungua lita 25. Karibu nusu ya maji hayo hushikwa na saruji yenyewe inapokuwa ngumu. Nusu nyingine hubaki ndani ya tofali, zege na lipu, na lazima itoke.

Nyumba iliyotumia mifuko 100 ina zaidi ya lita 1,200 za maji ya kutoka, bila kuhesabu yale ya kumwagilia kuta na ya mvua iliyonyesha kabla ya bati kupigwa.

Kukausha lita moja kunahitaji joto la uniti 0.7 hivi, kwa uniti ile ile ya umeme unayonunua. Kwa lita 1,200 ni uniti zaidi ya 800. Kilo moja ya mkaa mkavu ina joto la uniti 8 hivi. Kama kazi yote hiyo ingefanywa na mkaa, zingeungua kilo 100 bila wewe kupata joto lolote.

Bahati nzuri sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanywa na jua na upepo, iwapo utaviruhusu kuingia. Hata hivyo kuta zinaweza kuchukua mwaka mzima au zaidi kukauka kabisa. Isitoshe, ukuta mbichi hupitisha joto kwenda nje haraka kuliko mkavu.

Kwa hiyo anayefungua nyumba ya wageni na kupanga bei ya chumba kwa gharama za Julai ya kwanza anajidanganya. Ama atawafukuza wateja kwa bei kubwa, ama atanunua vifaa asivyovihitaji.

Pima, usikisie

Kwanza, nunua kwa kilo. Magunia hayalingani, na lumbesa ya leo si ya kesho. Pima gunia kwa mizani linapoingia.

Pili, tenganisha mapishi na joto la nyumba. Andika kilo zilizotumika Februari, wakati hakuna anayeota moto. Hayo ni mapishi na maji ya kuoga. Kinachozidi Julai ndicho cha kupasha nyumba.

Tatu, nunua vipimajoto viwili, kimoja cha ndani na kimoja cha nje, uvisome alfajiri na jioni. Julai moja inaweza kuwa kali kuliko nyingine, na bila kujua hilo huwezi kulinganisha.

Tuseme Februari ulitumia kilo 60 na Julai kilo 150. Kupasha nyumba ni kilo 90, karibu kilo 2.9 kwa siku. Kama kwa wastani ndani palizidi nje kwa nyuzi 9, umetumia gramu 320 kwa kila nyuzi kwa siku.

Julai ya pili tuseme umetumia kilo 115, na tofauti ilikuwa nyuzi 8. Kupasha nyumba ni kilo 55, yaani gramu 220 kwa nyuzi. Hapo ndipo unajua nyumba imekauka. Kama hesabu haikushuka, tafuta tatizo penginepo.

Mahali pa kwanza pa kutazama ni juu. Joto hupanda, na nyumba ya bati isiyo na dari huliachia lote usiku. Kisha tazama nafasi kati ya ukuta na bati, na chini ya milango. Boma la Kimasai lina nyumba fupi, ndogo, iliyokandikwa vizuri kwa udongo na samadi, ndiyo maana moto mdogo huitosha, ingawa moshi wake huumiza macho na kifua.

Wanaotumia hita ya umeme wahesabu pia. Hita ya wati 2,000 ikiwaka saa 4 kila usiku hula uniti 240 kwa siku 30. Kwa mteja wa kundi la D1 la TANESCO, bei ya chini huishia uniti 75 kwa mwezi.

Kwa wa kuni, zikaushe kwanza. Kilo ya kuni kavu ina joto la uniti 4 hivi. Ya kuni mbichi ni karibu nusu yake.

Tahadhari

Usiingize jiko la mkaa chumbani na kulala. Hewa yake ya sumu haionekani wala hainuki, na huua familia nzima usingizini. Jiko la kupasha nyumba liwe na bomba la kutoa moshi nje. Kila mchana fungua madirisha, hata kama kuna baridi. Ukiyafunga siku nzima, maji ya ukutani huishia kwenye bati na kukudondokea alfajiri.

Daftari, mizani na vipimajoto havizidi gharama ya magunia machache ya mkaa. Na kila gunia lisiloungua ni miti iliyobaki. Misitu ya nyanda za juu za Ngorongoro ndiyo inayolisha chemchemi za Karatu, na maji hayo ndiyo yanayomwagilia vitunguu vya Mang'ola vilivyojenga nyumba hiyo.