Paa si Ayala, na Mwindaji si Jangili

Majuzi, jioni ya Ijumaa, kijana wa jirani yangu hapa mtaani Umoja alinibishia mlango akiwa na daftari mkononi na uso uliokunjamana. Ni mwanafunzi wa shule ya upili, tena mwenye bidii. Mwalimu wao wa Kiswahili alikuwa amewapa zoezi la tafsiri: ukurasa mmoja wa jarida kuukuu la Kimarekani, unaowashauri wasomaji namna ya kuchagua bunduki ya kumwindia mnyama aitwaye kwa Kiingereza 'deer', kwa kufuata kanuni za jimbo la mtu.

"Mwalimu," akaniambia hata kabla ya kuketi, "nimekatwa alama mbili mahali ambapo sikukosea."

Mahali penyewe palikuwa sentensi ya kwanza kabisa. Kijana alikuwa ameandika kwamba jangili anayetaka kumpiga paa hana budi kusoma kwanza sheria za jimbo lake. Neno jangili lilipigwa mstari mwekundu, na juu yake pakaandikwa mwindaji. Paa hakuguswa.

Nilitaka kucheka. Jangili anayeketi kusoma sheria kabla ya kuingia mwituni ni kichekesho cha aina yake. Lakini nilipomwuliza kwa nini aliliteua neno hilo, alinijibu bila kusita: "Mtu akiwa na bunduki na anamfuata paa, si huyo ndiye jangili? Mwindaji ni wa hadithi, yule wa mkuki na mbwa." Kicheko kikaniishia kooni, kwa maana kijana alikuwa amesema jambo ambalo wengi wetu tunaofundisha tafsiri hatujapata kulifikiria.

Nianze na kosa lililoachwa bila mstari. Paa si 'deer'. Paa, swala tomi, swala granti, kongoni, pofu, tandala na kulungu, wote hawa ni wa ukoo mmoja na ng'ombe na mbuzi. Pembe zao hazina matawi wala hazidondoki. Yule wa Marekani na Ulaya ana pembe zenye matawi, nazo humwanguka kila mwaka zikamea nyingine. Katika Afrika nzima, jamii ya asili ya mnyama huyo imebaki kaskazini tu, upande wa Algeria na Tunisia. Kamusi zetu zimezoea kumpa jina la kulungu au paa kwa sababu mtunga kamusi, kama mwenye duka, hapendi kumwambia mteja kuwa bidhaa hakuna. Hata hivyo bidhaa ipo. Waliotafsiri Biblia ya Kiswahili iitwayo Union Version, iliyotoka mwaka 1952, walipofika Zaburi ya 42 walimkuta mnyama huyu akitamani maji, nao wakamwita ayala, jina lenye asili ya Kiarabu. Waumini wa Bahati na Makadara wamelisoma neno hilo kanisani miaka nenda miaka rudi. Sijui ni kwa nini tunaliacha kanisani tunapoingia darasani.

Kosa la pili lilikuwa la bunduki yenyewe. Makala ile ilitaja aina tatu za silaha, na kijana akaziita zote bunduki, kisha akatatizika kueleza kwa nini sheria inaikubali moja na kuikataa nyingine. Hakulaumika. Bunduki ni neno tulilolipata kutoka Kiarabu, ambako bunduq ni aina ya kokwa, kisha likaja kumaanisha kitufe cha kurushwa, hatimaye chombo chenyewe cha kurushia. Risasi nayo inatokana na neno la Kiarabu la madini ya plumbi. Lakini Kiswahili hakikuishia hapo. Kina gobori, ile ya kushindiliwa baruti na risasi kwa mdomoni. Kina marisawa, vile vidonge vidogo vidogo vinavyotawanyika, vya kuwindia ndege. Ile ya tatu tunaweza kuieleza kwa uwazi kuwa ni bunduki ya mifuo, kwa kuwa ndani ya mtutu wake mna mifuo inayoizungusha risasi ili iende mbali bila kupinda.

Mtu akishayatenganisha hayo, kanuni zinazoonekana kama ushabiki wa Wamarekani zinapata maana. Risasi ya bunduki ya mifuo yenye nguvu yaweza kusafiri zaidi ya kilomita 3 ikimkosa mnyama. Kwa hiyo majimbo yenye ardhi tambarare na makazi ya watu yaliyosongamana, kama Ohio na sehemu ya kusini ya Michigan, kwa miaka mingi yaliwataka wawindaji wa ayala watumie bunduki ya marisawa iliyotiwa donge moja zito la risasi, ambalo hupungukiwa na nguvu mapema, au gobori. Ohio ililegeza kamba mwaka 2014 na kuruhusu baadhi ya bunduki za mifuo, zile ambazo ganda la risasi yake limenyooka pasi na shingo, kwani risasi hiyo nayo haiendi mbali mno. Uingereza iliwaza kinyume. Kule sheria ya mwaka 1991 inadai kwamba kwa ayala wakubwa tundu la mtutu lisipungue inchi 0.240, yaani milimita 6 hivi, ili mnyama afe mara moja badala ya kukimbia na jeraha akafie kichakani. Huku sheria inamlinda jirani dhidi ya risasi, kule inamwondolea mnyama mateso. Mfasiri asiyejua hayo atatafsiri tarakimu tu.

Sasa nirudi kwa jangili wetu. Kihindi kina neno jangli, yaani wa mwituni au asiyestaarabika. Katika Kiswahili cha Kenya jangili ni yule auaye wanyama wa pori kinyume cha sheria. Basi ni nani aliyeweka mpaka kati yake na mwindaji? Historia inajibu kuwa, kwa sehemu kubwa, mpaka uliwekwa na uteuzi wa silaha.

Mwaka 1900 wajumbe wa mataifa ya Ulaya yaliyokuwa yakigawana bara hili walikutana London wakatia sahihi mkataba wa kuwahifadhi wanyama wa Afrika. Miongoni mwa yaliyokubaliwa ni kuzuia nyavu na mashimo ya kutegea, yaani zana ambazo mwenyeji alikuwa nazo. Bunduki yenye leseni haikuzuiwa. Miaka 9 baadaye, Aprili 1909, Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu katika urais wa Marekani, aliteremka Mombasa na mwanawe Kermit na shehena ya bunduki: Springfield, Winchester ya .405, na Holland & Holland ya mitutu miwili kwa wanyama wakubwa. Kila silaha ilichaguliwa kwa mnyama wake, sawasawa na inavyoshauri makala ya kijana wetu. Kwa hesabu ya Roosevelt mwenyewe, baba na mwana waliangusha wanyama 512. Huyo aliitwa mwindaji. Mwata wa nyika ya Tsavo, aliyerithi kwa babu zake upinde mzito na mshale uliopakwa sumu ya mti wa msunguti, alisakwa miaka ya 1950 na askari wa mbuga, akafungwa gerezani. Huyo akaitwa jangili. Simtetei muuaji wa ndovu, awe na upinde au na bunduki. Nasema tu kwamba tofauti ya majina yao ilikuwa katika karatasi ya leseni na katika chombo alichokishika kila mmoja.

Kisha mwezi wa Mei 1977 serikali ya Kenya ikapiga marufuku uwindaji, na biashara ya nyara za wanyama ikafuata mwaka 1978. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 ikakazia: hakuna kuwinda kwa burudani, hakuna kuwinda kwa ajili ya kitoweo, hakuna biashara ya nyama ya porini. Wapo wanaoilaumu marufuku hiyo, wakitaja utafiti uliochapishwa mwaka 2016 na kukadiria kuwa wanyama wakubwa wa nyanda zetu walipungua kwa asilimia 68 tangu mwishoni mwa miaka ya 1970. Mimi naona malisho yaliyolimwa na kuzungushiwa nyua yana hatia kubwa zaidi kuliko sheria. Lakini huo ni mjadala wa siku nyingine. Linalotuhusu ni kwamba katika nchi hii, wapo watu wazima walioanza kuota mvi ambao hawajapata kumwona mwindaji halali wa paa mwenye bunduki. Kijana hakukosea kuhusu Kenya. Alikosea kuhusu Ohio.

Nilimwuliza kama amewahi kuiona bunduki kwa macho. Akanitazama kana kwamba nimemwuliza kama amewahi kuiona matatu. Mitaani kwetu, kuanzia Kayole hadi Mathare, bastola ina jina lake, mguu wa kuku, na watoto hulijua kabla ya kuijua gobori. Wanaijua pia ile ndefu ya askari. "Na hilo neno kuwinda," akaniambia kwa sauti ya chini, "sisi hulitumia. Wanasema fulani anawindwa." Hakuwa akizungumzia paa. Mwaka 2017 kituo cha haki za kijamii cha Mathare kilichapisha ripoti kuhusu vijana waliouawa kwa risasi za polisi bila kufikishwa mahakamani, na kichwa cha ripoti hiyo kilikuwa swali: nani anayefuata? Kwa mtoto aliyekulia hapa, kitenzi kuwinda kimehama nyika kikaja mjini, nacho kimebadilisha mtendwa. Mwalimu aliyeandika mwindaji kwa wino mwekundu alidhani anamrudishia kijana neno la kawaida lisilo na doa.

Walimu wenzangu, sisemi tusiwape wanafunzi matini za mbali. Nasema mwanafunzi aulizwe sababu ya neno lake kabla ya kalamu nyekundu kushuka.

Tuliisahihisha sentensi pamoja mezani pangu. Ikawa: mwindaji mwenye leseni anayetaka kumpiga ayala hana budi kusoma kwanza kanuni za jimbo lake. Chini yake kijana akaandika kwa mkono wake maelezo ya mistari minne, akieleza kwa nini hapo awali alisema jangili, na mwaka 1977 akautaja.

Jumatatu jioni alinipitia tena. Alikuwa amerudishiwa alama moja. Ayala alikuwa amepigwa mstari mwekundu, na kando yake pana alama ya kuuliza.