Fahamu: Jinsi kirusi cha HPV kinavyoazima mkasi wa seli zetu

Saratani ya mlango wa kizazi inaongoza miongoni mwa wanawake wa Tanzania, na Nyanda za Juu Kusini zina mzigo wa ziada. Utafiti wa VVU wa 2022-2023 ulikuta maambukizi kwa watu wazima ni asilimia 11.1 Iringa na 9.6 Mbeya. Mwanamke anayeishi na VVU ana hatari mara sita zaidi ya kupata saratani hii.

Chanzo chake karibu daima ni HPV, hasa aina ya 16. Kirusi hiki kina jeni chache, hivyo uzi mmoja wa RNA hubeba maelekezo ya protini mbili hatari. E6 huiangamiza p53, mlinzi anayeiamuru seli iliyoharibika ife. E7 huizima pRb, breki ya mgawanyiko wa seli.

Kipande cha RNA kikikatwa na ncha zikaungwa, E7 hupatikana kwa wingi. Kisipokatwa, hutoka E6. Anayeamua ni nani? Ni protini za mwanamke mwenyewe zinazoshika RNA. Mojawapo, hnRNP A1, hung'ang'ania uzi na kuzuia mkato, E6 ikaongezeka. Inauma kwamba ugonjwa huu hutumia vifaa vyetu wenyewe.

Kuzizuia protini hizo kwa dawa ni kugumu, maana seli zenye afya nazo zinazitegemea. Chanjo, hata hivyo, ipo. Tanzania ilianza kuitoa nchi nzima mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14. Mwaka 2024 ilihamia dozi moja, kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14.