Karakana Ndani ya Hiace: Ukikosea Hesabu, Betri Inakuumbua!

Kama umewahi kupanda basi la Mwanza kutokea Dar, basi mlima Sekenke huwezi kuusahau. Ukishapita Misigiri dereva anaanza kushusha gia, konda ananyamaza, na hata yule abiria mwenye stori nyingi anageukia dirishani kimya kimya. Ukifika chini salama, hapo ndio Shelui, Wilaya ya Iramba, mkoani Singida. Mbele yako ni mbuga ya Wembere, kisha Igunga.

Kwa dereva mlima ule ni balaa, lakini kwa fundi ni shamba. Malori ya kwenda Mwanza, Rwanda, Burundi mpaka Kongo yanapita pale usiku na mchana. Yakipanda yanachemsha, yakishuka breki zinaungua. Mara boliti imeng'ang'ania kutu na haifunguki mpaka ikatwe, mara springi imesalimu amri. Sasa, lori lenye shehena huwezi kulifunga kamba ukaliburuza mpaka gereji. Fundi ndiye anayelifuata. Na akishafika pale kwenye kona, hata awe mkali wa namna gani, soketi hamna!

Usije ukasema nchi haina umeme. Bwawa la Julius Nyerere lilianza kuingiza umeme kwenye gridi mwaka 2024, na uwezo wake ni megawati 2,115. Lakini megawati zote hizo hazimsaidii mtu aliyelala chini ya tela katikati ya mlima.

Ndipo linapokuja dili ambalo vijana wengi wenye ufundi wanalipigia hesabu: karakana ndani ya Hiace. Betri nyuma ya kiti, inveta ya kugeuza umeme wa betri kuwa wa volti 230 kama wa nyumbani, grinda, drili na taa. Unapigiwa simu, unawasha gari, unaifuata kazi.

KARAKANA KUHAMA SI JAMBO GENI

Sekenke yenyewe ina historia ya mambo hayo. Wajerumani walichimba dhahabu pale kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Vita ilipowabana na fedha za kutoka kwao hazifiki, mwaka 1916 dhahabu ya Sekenke iligongwa kuwa sarafu za rupia 15 zenye picha ya tembo. Unajua ziligongwa wapi? Katika karakana ya reli, Lulanguru karibu na Tabora, kwa vifaa vya kuunga-unga! Shida ikibana, ufundi unahama.

Mpaka leo wachimbaji wadogo wako maeneo hayo, na karasha likigoma porini fundi anatakiwa huko huko. Kwa hiyo wateja wapo. Kinachowaangusha wengi ni hesabu.

DAKIKA NGAPI?

Kijana akipata vijisenti, cha kwanza anachotafuta ni inveta kubwa. "Hii ni ya wati 3,000, mshikaji, inaendesha chochote!" Sawa. Lakini inveta ni kama bomba tu, maji yako kwenye tangi. Tangi ni betri.

Tuchukue grinda ndogo, ile ya inchi nne na nusu, ya wati 800. Inveta nayo inakula chake njiani, kwa hiyo kwenye betri utavuta wati 940 hivi. Gawanya kwa volti 12, unapata karibu ampia 80. Huo ni moto, si mchezo!

Sasa chukua betri ya N100, yenye ampia-saa 100. Betri za risasi na asidi hazipendi kukamuliwa kupita nusu, kwa hiyo halali yako ni 50. Gawanya 50 kwa 80: ni dakika 37 kwenye karatasi. Nazo kwa vitendo zinapungua, maana zile ampia-saa 100 huwa zimepimwa kwa kuvutwa polepole kwa saa 20. Ukiivuta kwa pupa, inakupa kidogo.

Usikate tamaa. Kukata boliti moja hakufiki dakika tano. Dakika 25 za grinda kweli kweli ni kazi kadhaa. Ila uzijue ni 25, usiende kupatana na mteja kazi ya saa mbili!

Mengine ya kushika ni haya:

Kwanza, mota inapoanza kuzunguka inavuta umeme mara kadhaa zaidi ya kawaida. Grinda ya wati 800 inataka inveta ya wati 1,500 au 2,000, na iwe ya wimbi safi. Zile za bei chee zinachemsha mota na kuua chaja.

Pili, betri ya kuwashia gari usiiguse. Imetengenezwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache, si kukamuliwa mchana kutwa. Tafuta betri za sola, uzitenganishe na ya gari kwa rilei, ili alteneta izichaji njiani na bado gari liwake jioni. Aibu gani fundi kuomba msukumo kwa mteja wake!

Tatu, usisubiri kengele ya inveta. Nyingi hukata umeme kwenye volti 10 na nusu, na hapo betri ya asidi imeshaumia. Nunua mita. Betri ikiwa imepumzika, volti 12.7 imejaa, 12.2 imefika nusu. Hapo funga kazi, chaji.

Nne, kuchomelea waachie jenereta. Mashine ya kuchomelea inavuta wati elfu tatu na zaidi, itafyonza betri zako kabla hujamaliza mshono. Kwa matundu na kukata, angalia pia drili na grinda zenye betri zake zenyewe. Hizo unazichaji taratibu gari likitembea, wala inveta kubwa huhitaji.

Na jua la Singida, ndugu yangu, halina bili. Paneli ya wati 200 juu ya paa, kwa saa tano za jua zuri, inakupa karibu wati-saa 1,000, toa kidogo inayopotea. Ni kama saa nzima ya ile grinda.

CHECHE NA GESI

Hapa naomba tuache utani. Betri ya asidi inapochajiwa inatoa gesi ya haidrojeni, na gesi hiyo inalipuka. Grinda kazi yake ni kurusha cheche. Ukivikutanisha viwili hivyo ndani ya Hiace iliyofungwa milango, unajitafutia matanga. Betri zikae kwenye boksi lililofungwa imara, lenye tundu la kutolea hewa nje ya gari. Kukata chuma ni nje, tena mbali na gari.

Waya nao usiwe ule wa spika. Ampia 80 zinataka waya mnene, wa milimita za mraba 25 au 35, mfupi, na fyuzi karibu kabisa na ncha chanya ya betri. Waya mwembamba unachemka, plastiki inayeyuka, na Hiace ya mkopo inawaka moto barabarani huku abiria wa mabasi wakikutazama. Dumu la maji lisikose pia, kwa ajili ya kunawa asidi ikikurukia.

PESA IKO WAPI?

Betri ni kama tairi, inaisha. Tuseme, kwa mfano tu, betri zimekugharimu laki sita. Zikidumu siku 300 za kazi, kila siku umetumia shilingi 2,000 za betri. Ukizikamua hovyo zikafa baada ya siku 60, kila siku imekula shilingi 10,000, na hapo hujaweka mafuta wala kula wali maharage. Bei yako kwa mteja ianzie hapo.

Ndiyo maana nawaambia vijana mnaoomba ile asilimia 4 ya mapato ya ndani ya halmashauri, mkopo wa vikundi usio na riba: haina riba, lakini inarudishwa! Pesa yote ikiishia kwenye inveta yenye taa za kupendeza na betri moja ya kubabaisha, mtabaki kutazamana kijiweni huku afisa anawapigia simu. Anzeni na betri nzuri, waya mnene na mita. Inveta iwe ya kutosha kazi, basi.

Lori likikwama Sekenke, dereva hataki kujua inveta yako ni ya wati ngapi. Anataka kuondoka kabla giza halijaingia. Kabla hujapokea simu yake, jiulize: nina dakika ngapi kwenye betri? Kama jibu hulijui, hiyo kazi si yako bado.

Kazi kwenu!